Mimi Nitapiga Wapi?

Endara haitundikwi ukutani. Siku ya sherehe vigogo viwili vya mgomba hulazwa uani, vibao vya mti hupangwa juu yake, virefu upande mmoja na vifupi upande wa pili, na wapigaji huketi wakitazamana, vijiti mkononi. Sherehe ikiisha, vibao hukusanywa na migomba huachiwa mbuzi. Kwa hiyo kati ya sherehe moja na nyingine ala hii ya Wanande, au Wayira kama wengi wetu tunavyojiita, haipo. Kuna vibao tu, vimerundikwa juu ya meko vikikaushwa na moshi.

Nilikuwa na miaka tisa hivi babu aliponiketisha penye endara, kijijini kwetu juu ya Butembo, mashariki mwa Kongo. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, na kila niliposikia pengo nililijaza. Mzee aliyenikabili akainua vijiti vyake, akatulia. "Mutoto," akasema, "mimi nitapiga wapi?"

Pengo lile lilikuwa lake. Katika endara hakuna anayeupiga wimbo wote. Kila mmoja ana kipande kifupi kinachojirudia, na ukikisikia peke yake huwezi kujua ni cha wimbo gani. Wimbo hutokea vipande vinapoingiliana. Swali la mzee yule nimetembea nalo hadi leo. Hunijia ndani ya kyaghanda, baraza letu la jioni, wanaume tukiwa tumeuzunguka moto, ninapomkatiza mdogo wangu kabla hajamaliza hoja yake. Limenijia nyumbani pia, mke wangu akiwa amenyamaza na mimi nikidhani tumekubaliana.

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita kandokando ya msitu wa Ituri na mitambo yake ya kunasa sauti, akarekodi na nyimbo za Wanande. Kazi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Namshukuru kwa moyo wote. Lakini nilipompigia mama rekodi ya zamani ya muziki wetu kwenye simu, aliniuliza kwa nini nimezima sasa hivi, wakati ndipo watu wanaanza kucheza. Sikuwa nimezima. Rekodi ilikuwa imeishia pale.

Ndiyo maana nayaamini matamasha. Kule Marekani, kwenye milima ya Appalachia, mwanasheria Bascom Lamar Lunsford alianzisha mwaka 1928, mjini Asheville, tamasha la nyimbo na dansi za watu wa milimani, na banjo wanayoipiga ina asili katika ala za Waafrika waliopelekwa utumwani. Karibu zaidi nasi lilianzishwa Tamasha la Amani la Goma: lilipangwa kuanza Agosti 2013, vita vikaliahirisha, likafanyika Februari 2014. Kuwakutanisha watu mahali pamoja, siku moja, katika jimbo letu, ambalo barabara zake zisizo salama zimewafungia wengi majumbani, ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana jukwaani.

Lakini nimeona pia siku ya utamaduni, nisiyoitaja, ambapo endara ilipewa dakika tano na kipaza sauti kimoja. Kikawekwa mbele ya kijana mmoja. Tukasikia kipande chake tu, kikijirudia, na watu wakapiga makofi kwa adabu. Waliokaa mbele yake walikuwa wakipiga kwa bidii vilevile. Iliniuma, kwa sababu watoto wengi walioondoka pale waliamini wamesikia endara.

Miaka hii imetutawanya. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewafukuza watu Mbau, Oicha na vijiji vingi vingine. Agosti 2018 ikaja Ebola, na hadi ilipotangazwa kuisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Tuliacha kushikana mikono. Tulizika wapendwa wetu bila kuwagusa. Endara ingepigwa wapi, nayo inataka watu wakae bega kwa bega?

Tulipoweza kukutana tena, familia moja ya Butembo iliozesha binti, vibao vikateremshwa. Vilinuka moshi. Wazee wakaketi, na upande wa pili, katikati, pakabaki mahali patupu. Alikuwa pale zamani mpigaji kutoka upande wa Beni. Alikimbia na wanawe, wengine wakasema amevuka mpaka wa Kasindi na kuingia kwa ndugu zetu Wakonzo wa Uganda. Nilikijua kipande chake. Nikainuka kidogo.

Mzee yule wa utotoni hayupo tena kunizuia, lakini niliwatazama waliokuwa wakipiga, na nikarudi kukaa. Walikuwa wameuanza wimbo anaoujua yule bwana, na kila mara zamu yake ilipofika vijiti vyao vilisita, pigo moja, kisha vikaendelea. Wacheza ngoma walilisikia pengo lile. Miguu yao ilitua humo. Wakapiga hivyo hadi mvua ilipoanza. Tukakusanya vibao, mbuzi wakaja kwenye migomba.