Nilimwadhibu Mwanangu kwa Kosa Langu

Ndugu msomaji, iwapo wewe ni mzazi, huenda yaliyonifika mimi yakakufika nawe. Ndiyo maana nimeona si vibaya nikusimulie.

Mwaka jana nilimnunulia mwanangu, kijana wa miaka 12, kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika. Fundi aliyeniuzia alinihakikishia kwamba ndani yake mna kadi ya michoro yenye nguvu, na pale dukani mchezo wa kandanda ulikwenda kwa picha 60 kwa sekunde. Nyumbani ulikwenda kwa picha 14. Wachezaji walirukaruka kama panzi.

Sikuuliza wala sikuchunguza. Nilimkaripia mtoto kuwa ameijaza takataka, nikampiga marufuku kuigusa kwa wiki mbili.

"Baba, imekuwa hivi tangu siku ya kwanza," alisema. Sikumsikiliza.

Kisha nikamwendea fundi nikiwa nimefura, tayari kumwita tapeli. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuatana nami nyumbani. Kwanza alipima joto, kwani prosesa inapokaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo ili isiungue, na mara nyingi chanzo huwa ni vumbi lililoziba feni. Feni zilikuwa safi. Ndipo alipoligeuza sanduku.

"Kaka, nani aliyechomeka waya wa kioo?"

Ni mimi. Nilikuwa nimeuchomeka katika tundu la bodi kuu badala ya tundu la kadi. Hivyo picha zote zilichorwa na kijisehemu dhaifu kilichomo ndani ya prosesa, ilhali kadi niliyoilipia imekaa bure. Fundi aliuhamisha waya, na mchezo ukarejea kwenye picha 60. Alikataa hata nauli.

Lililobaki lilikuwa deni la mtoto. Nilimwita, nikamwomba radhi mbele ya mama yake na wadogo zake. Haikuwa rahisi. Alinijibu, "Haya, Baba," kisha akainama kulitazama tundu lile mwenyewe.

Ndugu msomaji, kompyuta ikizorota, anza na waya, ufuate vumbi na joto, ndipo uwaze kununua kifaa kipya. Lakini kabla ya hayo yote, msikilize anayeitumia kila siku. Wahenga walisema hasira hasara. Waya ulihamishwa kwa dakika moja. Imani ya mwanangu ningali naijenga.