Kibodi Isiyojua Kuandika Pemba

Chukua sentensi moja tu ya kwetu: "Karafuu za mwaka jana zimekauka." Ina herufi 27, na 9 kati yake ni A. Theluthi nzima! Sasa angalia kibodi uliyonayo mbele yako. A iko wapi? Iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo, dhaifu kuliko vyote. Herufi inayobeba lugha yetu mgongoni imepewa hamali asiye na nguvu, halafu Q na X, ambazo Kiswahili sanifu hakizihitaji, zimejengewa vibonye vyao kamili na zimekaa raha mustarehe.

Si njama. Mpangilio huu wa QWERTY ulianza Marekani miaka ya 1870, kwenye taipureta za Sholes zilizouzwa na kampuni ya Remington, na uliwekwa kwa ajili ya Kiingereza. Taipureta zikaja kwetu na serikali, mahakama na shule, kisha kompyuta zikaurithi mpangilio uleule. Vidole vyetu vimeshauzoea, na sidhani kama kuna mtu atakubali kujifunza upya kwa sababu ya A. Lakini kuzoea ni jambo moja, na mashine kukukatalia neno lako ni jambo jingine.

Wanaonunua laptopu za mitumba wanalijua hili. Ukipata iliyotoka Ujerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi. Vidole vinakwenda vilipozoea, na kwenye kioo inatokea "Yanyibar". Hilo dawa yake ni rahisi: unaingia kwenye mipangilio ya lugha, unachagua kibodi ya Marekani, unaandika bila kutazama vibonye. Ukishindwa, unabandika stika.

Kuna ugonjwa mwingine wa chinichini zaidi. Windows ina mpangilio unaoitwa US International, na laptopu nyingi unazikuta umeshawekwa. Ndani yake kile kialama cha ng' hakiandikwi papo hapo. Kinasubiri herufi inayofuata, kikiona irabu kinaipanda kichwani. Andika ng'ombe, unapata ngómbe. Andika Ng'ambo, mtaa mkubwa kabisa wa mji wa Unguja, unapata Ngámbo. Dawa ni kubonyeza nafasi baada ya kialama, au kuhamia mpangilio wa kawaida wa Marekani. Hata hapo programu ya kuandikia inaweza kukipinda kikawa alama ya kufungia maneno, na kwa kompyuta ng'ombe mwenye alama iliyonyooka na ng’ombe mwenye alama iliyopinda ni wanyama wawili tofauti. Ukimtafuta mmoja, mwingine haonekani. Kwa mtu anayehifadhi mashairi au kamusi, hilo si dogo.

Yote hayo niliyachukulia kama mambo ya mafundi, mpaka ilipokuja kazi ya bibi.

Laptopu ninayotumia ililetwa na binamu yangu kutoka Maskati. Sisi Wapemba tuna jamaa huko, na vitu vya huko vinafika hapa na tabia zake. Kila kibonye kina herufi mbili, ya Kirumi na ya Kiarabu. Mimi nilikuwa siziangalii hizo za pili. Bibi, hapo Wete, alipoiona alivuta miwani akaanza kusoma: shini, sini, yee, bee. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii nayo inajua kuandika kwetu?"

Bibi hakusoma skuli. Alisoma chuoni, na kwa herufi alizosomea Kurani ndizo alizoandikia Kiswahili maisha yake yote: barua kwa mumewe alipokuwa safarini, hesabu za wachumaji wa karafuu, nyimbo za harusi, majina ya watoto waliozaliwa na waliokufa. Yote yamo kwenye madaftari manne ambayo wino wake umeanza kufifia. Alitaka yapigwe chapa. Nikamwambia nitayageuza kwa herufi za Kirumi ili wajukuu wote wasome. Akasema, "Vyema mwanangu. Na mimi n'tasoma nini?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha na kibodi. Ningegeuza maneno yake kwa herufi asizozijua, yangekuwa mikononi mwangu. Asingeweza kuyahakiki wala kunikosoa.

Basi nikawasha upande wa Kiarabu na kuanza na jina la kisiwa. Pemba. P haipo. Kiarabu hakina sauti hiyo, na kibodi ya Kiarabu niliyokuwa nayo haikuwa na herufi yake. Chake Chake? Ch haipo. Vitongoji? V haipo. Gando? G haipo. Wete, Konde na Mkoani zilipita salama. Kwa mashine ile, nusu ya kisiwa ilikuwa haina jina.

Wazee wetu waliliendea jambo hili kwa akili yao. Wengi waliandika ب kwa B na kwa P, wakamwachia msomaji aamue kama ni "bata" au "pata". F na V zilikaa nyumba moja, na G ikajistiri kwa ghaini. Irabu vilevile: dhuma moja inatosha kwa U na O, kwa hiyo "kuku" na "koko" zinafanana. Wengine waliongeza nukta kwa mtindo wa Waajemi: پ kwa P, چ kwa Ch. Hii si hati ya pembeni. Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa kisiwa hiki, ni watu wa zama hizo za hati ya Kiarabu, kabla ya mwaka 1930, ilipoundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kusanifisha Kiswahili kwa tahajia ya Kirumi. Wala mjadala haukufa hapo. Mwaka 1997 Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mapendekezo ya kuiandika lugha yetu kwa Kiarabu kwa utaratibu mmoja, na baadaye Kevin Donnelly akatengeneza Andika!, zana za bure za kufanya hivyo kwenye kompyuta.

Mimi nilihitaji kitu kidogo tu, kinachofuata mkono wa bibi. Microsoft wana programu ya bure ya kutengeneza mpangilio wako mwenyewe. Niliiacha kibodi ya Kiarabu kama ilivyo, nikaongeza herufi nne kwa kibonye cha Alt cha kulia. Alt na ب inatoa پ. Alt na ج inatoa چ. Alt na ف inatoa ڤ. Alt na ك inatoa گ. Kila mgeni amekaa kwa ndugu yake, kwa hiyo hakuna cha kukariri. Kazi yenyewe ni ya jioni moja.

Bibi mwenyewe hatumii zote. G anaiandika kwa ghaini, nami nimemwachia hivyohivyo. P na Ch anazipenda kwa nukta tatu. Irabu ninatia pale tu alipotia yeye.

Daftari la kwanza limekwisha, kurasa 46 kwa hati kubwa. Nilimpelekea karatasi akazisoma siku tatu, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Siku ya nne akaniita, akanionyesha ubeti wa wimbo mmoja wa harusi uliomtaja jirani kwa kejeli. "Huu utoe," akasema. "Yule keshakufa, na watoto wake tunasalimiana."

Nimeutoa.