Stakabadhi ya Babu

Hapa kwetu Magunga baraza nimezizoea chini ya mti. Mvua ikija, kila mtu mbio! Kumbe marehemu babu alikuwa na ukumbi wake, tena mjini Kisumu. Ambrose Ofafa, kiongozi katika Luo Union, alipouawa Nairobi mwaka 1953, watu walichanga pesa ajengewe ukumbi wa kumbukumbu. Babu alitoa shilingi zake, stakabadhi akaifungia sandukuni. Mwaka 1980 vyama vya kikabila vilivunjwa, Luo Union pia, lakini ukumbi wa Ofafa ukabaki. Babu hakuwahi kuuingia. Likizo ya Agosti nilimpeleka nyanya. Mlangoni tukaulizwa, "Mna mkutano?"

Nyanya akafungua leso, akatoa ile karatasi: "La, mwanangu. Tumekuja kukagua mali yetu."