Riwaya Haisomwi kwa Desa

Wengi wetu Rosa Mistika ya Kezilahabi tumeijua kupitia madesa. Dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi: kopi nne zilizofifia, mtu anaingia kwenye test, anatoka na B+ yake. Sina ugomvi na B+. Ila mtu huyohuyo akija kwenye kozi ya uandishi wa kubuni, anaandika desa lenye majina ya watu. Binti anapata mimba, mzee mmoja anahutubia, hadithi imekwisha.

Muhula huu tuko sita tunaojaribu njia nyingine. Tulianza na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Msimulizi ni Kongowea mwenyewe, kijana anayemtafuta baba yake. Kila mmoja akachukua ukurasa mmoja, akauandika upya kwa nafsi ya tatu. Ukiitazama juujuu, ni kazi ya kubadili "ni-" iwe "a-". Sasa subiri. Msimulizi maizi anajua kila kitu, kwa hiyo anajua na baba alipo. Inabidi akufiche kwa makusudi, na msomaji ana pua, atanusa kuwa anachezewa. Kongowea hamfichi mtu, yeye mwenyewe hajui. Tulibishana juu ya hilo mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Desa lenyewe linaishia "mwandishi ametumia nafsi ya kwanza", basi.

Tukarudi kwa Rosa, safari hii kitabu chenyewe. Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na hilo tunalishuhudia mapema. Matokeo yanakuja mbali huko mbele, Rosa akiwa ameshatoka kwenye macho ya baba.

Nina hadithi ya mama mkubwa aliyenilea, nimekaa nayo tangu mwaka wa kwanza. Ilikuwa na sentensi isemayo alikuwa mkali. Nimeifuta. Sasa kuna ufunguo wa kabati la sukari, anaouvaa shingoni hata akilala. Bado sijampa asome, na naogopa, maana ufunguo anao mpaka leo.

Walimu wetu, tunaomba hata alama kumi za kuandika upya ukurasa. Wenzangu, tunakutana Jumatano saa kumi nyuma ya maktaba. Njoo na riwaya yoyote, hata iliyochanika jalada. Desa liache hosteli.