Peja Nayo Ikikwama

Nilipokuwa mwaka wa tatu nilifanya projekti ambayo hata rumeti wangu hakuielewa: kushughulikia makosa ya ukurasa nje ya keneli. "Makosa ya kitabu gani?" aliniuliza. Ikabidi nimweleze kwa mambo ya kwetu Izigo, kule Muleba.

Nyumbani mgeni akikosa chumvi mezani, mtoto anakimbia jikoni kumwambia mama. Mtoto haamui kitu, yeye anapeleka habari tu. Mama ndiye anayejua pa kuitoa: kabatini, au kwa jirani upande wa pili wa kibanja. Chumvi inafika, mgeni anaendelea pale pale alipoishia, na hatajua ilitoka nyumba gani.

Kompyuta nayo iko hivyo. Programu inadhani ina kumbukumbu yote iliyoahidiwa. Kumbe kumbukumbu imegawanywa kurasa, mara nyingi za baiti 4096, na nyingine hazijaletwa bado. Ikigusa ukurasa usiokuwepo, prosesa inaisimamisha na kuiita keneli. Kwenye Linux, kwa kawaida keneli yenyewe ndiyo inayoutafuta ukurasa. Lakini maikrokeneli kama L4, aliyoianzisha Mjerumani Jochen Liedtke miaka ya 1990, na seL4 iliyokuja baadaye, ni yule mtoto tu. Inapeleka ujumbe: "Fulani amekwama, anwani ni hii." Anayeamua ni programu nyingine ya kawaida, inayoitwa peja. Peja inaweka ukurasa, inajibu, na aliyekwama anairudia amri ile ile kana kwamba hakuna kilichotokea. Uzuri wake ni kwamba peja ikiharibika, keneli haifi nayo.

Rumeti akasema, "Sasa si useme tu ni mama?"

Ukweli ni kwamba kwetu peja nilikuwa mimi. Migomba ya mama iling'olewa kwa ajili ya mnyauko, mdogo wangu yuko kidato cha nne, na simu ya nyumbani haiji bila jambo. Michango ya shule. Dawa za bibi. Bati limevuja. Boom likiingia, sehemu inakwenda Izigo kabla sijanunua hata sabuni. Mama akiuliza, "Na wewe uko sawa mwanangu?" najibu, "Niko poa, mama." Halafu napiga pasi ndefu hadi jioni.

Peja yangu ya kwenye kompyuta ilienda vizuri, ila nikiiongezea programu za kuhudumia, inaganda. Haitoi kosa wala neno, ni kimya tu. Nilikesha kwenye kimbweta siku nne, tumbo tupu, nikitafuta. Muda wa kuwasilisha ulibaki wiki moja, na bila projekti ile nisingemaliza chuo na wenzangu.

Nikaenda kwa msimamizi wangu. Alitazama mistari dakika chache, akauliza swali moja: "Peja yenyewe ikikosa ukurasa, inajibiwa na nani?"

Nikaangalia. Ujumbe wa kukwama kwake nilikuwa nimeuelekeza kwenye sanduku linalosomwa na peja hiyo hiyo. Kila programu ilikuwa na rekodi ya baiti 64 kwenye jedwali lake, hivyo rekodi 64 zinajaza ukurasa mmoja kamili. Ya 65 inagusa ukurasa mpya, ambao haupo. Peja inasimamishwa, ujumbe unatumwa kwake yenyewe, na yenyewe imesimama. Itasubiri milele. Na wote wanaoitegemea wanasubiri nayo.

Dawa yake si ngumu. Kurasa za peja yenyewe unaziweka zote mapema, kabla haijaanza kuhudumia wengine. Na ikikwama, ujumbe wake unakwenda kwa aliye juu yake. Kwenye seL4 ni programu ya kwanza kabisa, ile inayokabidhiwa kumbukumbu yote iliyobaki mfumo unapowaka. Nilirekebisha jioni ile ile. Rekodi ya 65 ikapita.

Usiku nikampigia mama. Mara ya kwanza nikasema: "Mama, mwezi huu sina. Hata mimi sijala vizuri." Alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mbona siku zote unaniambia uko poa?" Hakuwa na hela ya kutuma. Ila ya michango alimwendea mjomba, na siku mbili baadaye nikapigiwa simu nikachukue mzigo kwenye basi la Bukoba: ndizi za kupika na maharage, kwenye kiroba kilichoshonwa kwa kamba ya mgomba.

Mdogo wangu bado anadaiwa kidogo. Simu bado zinakuja, na napokea. Lakini najua wengi humu chuoni ni peja wa kwao, na wanajibu "niko poa" kila siku. Wewe ukikwama, ujumbe wako unakwenda kwa nani?