Bibi Kanisuta Mtandaoni

MSOMAJI wangu, umewahi kusutwa na bibi yako mbele ya kadamnasi ya watu usiowajua? Basi mwenzio yamenikuta, na nikikwambia nilistahili, amini.

Mwaka 2024 nilikuwa nasoma chuo kimoja pale Dar. Siku hiyo mwalimu akatuonyesha kazi ya Michael Wesch, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kansas State kule Marekani, ambaye mwaka 2007 aliwaingiza wanafunzi wake YouTube. Hawakukaa pembeni na daftari kuwachungulia wenyeji wa mtandao. Walijirekodi wenyewe, wakarusha, wakajibiwa, nao wakawa wenyeji. Mwalimu akasema: "Na nyie nendeni. Tengenezeni video, mkae na watu watakaokuja, halafu mniambie kama hiyo ni jamii au ni kelele tu."

Kundi letu tulikuwa wanne. Mie mtoto wa Kilwa nikajitia kimbelembele: video itatoka kwetu!

Sikukuu ya Idi, mwezi Aprili, nikaenda Kilwa Masoko kwa bibi. Nikamkuta uani anasuka ukili, kanga imemteremka mabegani, kichwa wazi, anamsimulia jirani utoto wake Kilwa Kisiwani, ng'ambo tu ya maji. Ndio mji ule alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331, ambao magofu yake UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Bibi hana habari na UNESCO. Kwake yale magofu ni mahali walipokuwa wakicheza kibe. Nikachomoa simu, nikarekodi. Hodi sikupiga.

Bwana wee, video ikatembea! Watu wa Maskati wakaandika kwamba bibi zao walitokea Kivinje. Wa Lindi na wa Mtwara wakabishana nani fundi wa mikeka. Dada mmoja yuko London akauliza ukili unatiwa rangi vipi. Na kuna jamaa mmoja, kajipa jina la samaki, kila siku anaandika: "Msalimie bibi." Sikumjibu hata mara moja. Kwangu mie wote walikuwa hesabu ya kujazia ripoti. Tena niliandika kabisa: "Hii si jamii, hawa ni watazamaji."

Jumamosi ya tarehe 4 Mei, kimbunga Hidaya kikaingia pwani yetu. Mvua ikapiga Lindi na Mtwara, barabara ya kutoka Dar ikakatika Somanga, kwetu huko huko wilaya ya Kilwa, mabasi yakakwama huku na huku. Nikapiga kitochi cha bibi: haipatikani. Usiku, haipatikani. Kesho yake, vile vile. Nauli ninayo, njia haipo. We acha tu.

Ikabidi niandike chini ya ile ile video: "Jamani, kuna mtu yuko Masoko? Bibi hapatikani." Niliandika kwa aibu, maana karibu mwezi mzima sijamjibu mtu salamu. Wa kwanza kujibu akawa yule wa jina la samaki: "Uani pale napajua. Ngoja."

Nikangoja saa tatu nzima. Ikaja video fupi. Bibi kakaa mkekani, kajitanda kanga vizuri, nyuma yake ua wa makuti umelala chini. Anaitazama simu sawasawa: "Mume wangu, mie mzima. Umeme hakuna, simu haina chaji. Ila umenipeleka dunia nzima kichwa wazi, na hodi hukupiga. Huyu mgeni kapiga hodi mara tatu."

Watu wakamwombea bibi dua, na mie wakanipa vidonge vyangu. Nikaanza kuwajibu mmoja mmoja mpaka bando likakata.

Jumapili iliyofuata, 12 Mei, nyaya za chini ya bahari zikakatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki, Tanzania tukiwemo. Video haifunguki. Lakini simu ya kawaida inaita, na kwa bibi umeme ulikuwa umesharudi.

"Hodi, bibi."

"Karibu, mume wangu."

Nikamwomba radhi, nikamuuliza kama niifute. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza wale wa Maskati waliotaja Kivinje ni wa ukoo gani. Sijui. Sikuwauliza.

"Basi usifute kwanza," akasema. "Kawaulize."

Ile sentensi ya watazamaji nikaikata kwenye ripoti. Nikaandika kwamba mtandaoni nako ni kwa watu: unaingia kwa hodi, na ukisalimiwa unaitika. Yule mwenye jina la samaki sasa nikienda Masoko lazima nipite kwake.

Na wewe msomaji, kabla hujamrekodi bibi yako, mwambie kwanza ajitande.