Lenzi Niliyoichagua, Mti Nilioukata

Kabla ya ukuta, nyumba yetu ya Tabata ilizungukwa na michongoma, na mbele yake, kando kabisa ya njia, palikuwa na mwarobaini mkubwa. Chini ya mwarobaini ule alikaa bibi wa vitumbua. Alfajiri, wakati sisi tunajinyoosha kitandani, jiko lake lilikuwa limeshashika moto, na ikifika saa nne asubuhi alikuwa amemsalimia kila aliyepita. Siku moja narudi kazini jioni, namkuta amerudi pale makusudi kunisubiri. "Mwanangu, kuna kijana amesimama mlangoni kwako mara mbili leo. Shati la bluu, mguu wa kushoto anauburuta. Si wa mtaa huu." Nikashukuru, nikaingia ndani. Nilichukulia kwamba ndivyo bibi walivyo.

Mwaka 2010 wezi waliingia nyumba ya tatu kutoka kwetu, wakabeba televisheni na mtungi wa gesi. Mtaa mzima ukashikwa na homa ya kujenga kuta. Mimi nikaongeza na kamera. Nilikwenda Kariakoo na pesa niliyoiweka kwa miezi mingi, na muuzaji aliniuliza swali moja tu: unataka ngapi? Nikasema nne. Akanionyesha picha kwenye skrini ya duka, barabara yote ya nje inaonekana, bajaji zinapita, watu kama siafu. "Lenzi ya milimita 2.8 hii, mzee. Inaona kila kitu." Maneno hayo, "inaona kila kitu", ndiyo niliyoyanunua.

Fundi alizifunga juu, chini ya paa, kiasi cha mita 4 kutoka ardhini, ili mwizi asizifikie. Wiki ya kwanza ikawa shida. Upepo ukivuma, matawi ya mwarobaini yanacheza, na kisanduku cha kurekodi kinadhani ni mtu anapita. Usiku ndiyo zaidi: zile taa ndogo za infraredi zinagonga majani ya karibu, picha inakuwa nyeupe pe, na nyuma yake giza tupu. Fundi akautazama mti. "Bosi, ukiuondoa huu utaona mpaka dukani."

Ulikatwa Jumamosi. Jumatatu bibi alikuja na jiko lake, akasimama mbele ya kile kisiki, akatandaza khanga juu ya vijiti viwili apate kivuli. Alikaa siku nne hivi. Kisha akahamia stendi ya daladala. Hakunilaumu. Alipokuja kuaga alisema, "Haya mwanangu, Mungu awalinde." Nilikuwa nimeshika simu, nikamjibu bila kuinuka.

Miaka mitatu baadaye mtu aliruka ukuta usiku, akang'oa vioo vya pembeni vya gari lililoegeshwa karibu na geti, akatoka alikoingilia. Asubuhi nikakaa mbele ya skrini na moyo unanidunda, nikiamini nimemkamata. Nikamwona kweli. Alikuwa pale, saa nane na dakika arobaini usiku, anatembea bila haraka. Kofia, mabega, mikono. Nilipovuta picha karibu, uso uligeuka vipande vya kijivu, kama vigae vilivyopangwa na mtoto. Na mbele ya lenzi kamba nene nyeupe ilikuwa inayumba, kumbe uzi wa buibui. Sikuwa nimefuta kile kioo cha lenzi tangu kamera ifungwe. Kituo cha polisi askari alitazama mara tatu, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa huyu ni nani, mzee?"

Jibu la swali lile nililipata kwa kujifunza hesabu ambayo ningepaswa kuifanya dukani. Lenzi haiumbi kuona, inagawa. Kamera yangu ilikuwa na pikseli 704 kwa upana wa picha. Lenzi ya milimita 2.8, kwa kihisio cha kamera ile, ilizitandaza kwenye upana wa mita 17 kule getini, mita 10 kutoka ukutani ilipofungwa. Ukigawa, kila mita inapata pikseli 41. Uso wa mtu ni sentimita 15 hivi, kwa hiyo uso wote wa yule mwizi ulipewa pikseli 6. Kiwango cha Ulaya cha EN 62676-4, toleo la 2015, kilitaka pikseli 25 kwa mita ili tu kujua kwamba kuna mtu, 125 ili umtambue unayemfahamu, na 250 ili umthibitishe mgeni. Nilikuwa na uhakika wa jambo moja: kuna mtu. Bibi angenipa shati na mguu.

Na kuna suala la urefu wa kufunga kamera. Nilisoma baadaye habari za Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens, New York, ambaye aliomba hataza ya mfumo wa kamera ya nyumbani mwaka 1966 na kuipata 1969. Zamu zake na za mumewe hazikulingana, polisi walichelewa kufika kwao, na alitaka kumjua aliyegonga kabla ya kufungua. Kamera yake ilipanda na kushuka nyuma ya mlango, kwenye matundu yaliyotobolewa kwa vimo tofauti, ili mrefu, mfupi na mtoto wote waonekane nyuso. Yule mama alianzia usoni. Mimi nilianzia kwenye paa, nikapata kofia.

Lenzi ile pana ilikuwa na kosa jingine, nalo lilinichukua muda kulikiri. Iliingia uani kwa jirani, ikafika kwenye kamba yao ya nguo na mlango wa bafu la nje. Mama mwenye nyumba alianza kuoga usiku taa ikiwa imezimwa. Aliniambia mwaka wa tatu, macho yakiwa chini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikuwepo bado, lakini aibu ilikuwepo, na ingetosha.

Leo nina kamera mbili. Ya getini nimeifunga mita 2 kutoka ardhini, mita 5 kutoka anaposimama mgeni, lenzi ya milimita 6. Inaona upana wa mita 4 na nusu tu, lakini kwa pikseli 1920 kila mita inapata zaidi ya 400. Nimewasha taa ya kawaida pale usiku kucha, shati la bluu libaki bluu. Nilipima mwenyewe kwa futi kamba kabla ya kutoa hela. Nywila ya kiwandani niliibadilisha siku ileile, na kila Ijumaa nafuta kioo kwa kitambaa kikavu.

Nilikwenda stendi kumtafuta bibi. Yupo mjukuu wake, anapika kwa kikaango kilekile chenye mashimo saba. Aliniambia bibi alishatangulia mbele ya haki. Nilimweleza kwamba nafasi ipo, mbele ya nyumba, bure kabisa. Akatabasamu kwa heshima. "Asante baba, ila huku wateja ni wengi. Na pale kwenu jua ni kali."

Nimepanda mwarobaini mwingine, hatua mbili kutoka pale palipokuwa na kisiki. Fundi wa sasa alinionya kwamba majani yake yatakuja kusumbua kamera. Nilimwomba anionyeshe jinsi ya kuchora mpaka kwenye picha ili sehemu ile isihesabiwe, naye akachora hapohapo kwenye simu yangu. Mti umefika magotini.